Kiberiti Usichoweza Kukitia Koponi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nisikiapo mlio wa kiberiti cha gesi, na jana mlio huo nimeusikia kupita kiasi. Mwanangu, ulikuja kwangu hapa Msambweni baada ya alasiri, ukanipa shikamoo yako nzuri, ukakaa barazani, ukatoa mfukoni viberiti vitatu na kuvipanga juu ya mkeka. Kimoja cheusi, kina picha ya fuvu. Kimoja kina umbo la bastola, hata mke wangu alipokiona alirudi nyuma hatua mbili. Cha tatu ni cha chuma, kinatoa mwale wa buluu unaovuma kama mashine ya mchomeleaji. Ukaniuliza, "Babu, katika hivi kipi kizuri niwe natembea nacho kila siku?" Na wakati unaniuliza kidole chako hakitulii, unawasha, unazima, unawasha, unazima, na juu ya kichwa chako ni makuti makavu na upepo wa baharini unapuliza.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mtu mwenye hasira hafai kutoa nasaha. Nikasema ngoja nilale. Nimelala, nimeamka, nimesali, nimekunywa chai kwa mahamri, na bado nimekasirika. Basi nitasema hivyo hivyo, na pale nitakapokuwa mkali utanisamehe.

Swali lako si la kipuuzi. Mtu anayetembea na moto mfukoni anapaswa kuuchagua. Kinachonikera ni jinsi mnavyochagua nyinyi vijana. Mnatazama rangi, mnatazama picha, mnasikiliza mlio wa kifuniko, mnaulizana nani anacho kama hiki. Na wewe mwenyewe wiki iliyopita ulinisimulia habari ya dereva wa tuktuk wa pale Ukunda aliyeacha kiberiti chake cha gesi mbele ya kioo, juani, kikapasuka kwa mshindo, abiria akaruka nje. Ulikuwa unacheka! Ulicheka mpaka ukajifuta machozi. Mimi sikucheka, mwanangu. Mimi nilikumbuka paa la Bi Mwanasiti.

Nilikuwa na umri kama wako, na kazi yangu ilikuwa kuezeka makuti. Tulikuwa watu watano chini ya fundi mmoja aliyeitwa Fundi Mwinyi, mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Tuliezeka mabanda ya hoteli kule Diani na nyumba za watu huku kwetu. Fundi alikuwa na sharti moja, nalo halikuwa na mjadala. Chini ya ngazi aliweka kopo tupu la maziwa ya unga. Kabla hujakanyaga ngazi, unatia koponi chochote ulicho nacho cha kuwashia moto, iwe kiberiti cha njiti, iwe cha gesi. Alikuwa wa kwanza kutia chake, kijiberiti cha plastiki chekundu, cha dukani, tumboni mwake yaonekana gesi iliyobaki. Ukishuka unachukua chako. "Juu ya makuti hapandi mtu na moto," alikuwa akisema, "hata moto wenyewe uwe umelala."

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Siku moja huko Diani upepo ulimpokonya bibi mmoja wa Kizungu kofia yake ukaitupa juu ya banda tulilokuwa tukiliezeka. Nikamteremshia. Akafurahi, akanipa kiberiti chake. Kilikuwa cha gesi, cha shaba, kizito, kimechorwa samaki ubavuni, na ukikifungua kifuniko kinalia kacha! Ewe mwanangu, nilikipenda kiberiti kile kuliko viatu vyangu vya Idi. Na usisahau kwamba mimi sikuwa navuta hata sigara. Kazi yangu ilikuwa kuwawashia wengine. Nikimwona mtu ametia sigara mdomoni umbali wa nyumba mbili, nakwenda mbio, kacha! Wenzangu wakanipa jina la Bwana Moto, na mimi, badala ya kuona haya, nikavimba kichwa.

Kukitia koponi niliona tabu. Kitakwaruzwa na vijiberiti vya watu, nikajiambia. Atakuja mpita njia akichukue. Kwa hiyo nikafanya hila, na hila hii ndiyo inayonichoma mpaka leo. Nilinunua kiberiti cha njiti, nikawa natia hicho koponi mbele ya macho ya Fundi, na cha shaba nakifutika kiunoni kwenye mkunjo wa kikoi. Nilimdanganya mtu aliyekuwa akinifundisha kazi, kila asubuhi, kwa uso mkunjufu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, twasema, lakini mara nyingine guu linalotaka kuvunjika si lake yeye.

Ndipo tukaenda kuezeka nyumba ya Bi Mwanasiti. Bi Mwanasiti alikuwa mjane, na chumba chake cha mbele kilikuwa chuo, watoto wa mtaa mzima walisoma Kurani pale. Alituomba tusiwasimamishie masomo, basi tukawa tunaezeka upande mmoja huku wao wamekaa upande wa pili, sauti zao zinatufikia juu. Siku ya kwanza, tuliposhuka kwa sala ya adhuhuri, nikajipapasa kiunoni. Hakipo.

Nilitafuta mchangani. Nilitafuta njia ya kwenda kisimani, nikatafuta mpaka chooni. Moyoni nilijua kiliko. Kilikuwa kimenichomoka nilipoinama kufunga kuti, kikaingia kati ya safu na safu, na makuti huanzwa chini yakapanda juu, kila safu inailalia iliyo chini yake. Kila tulipofunga safu mpya nilikuwa nakizika zaidi. Jua lilikuwa la kaskazi, lile la kupasua vichwa. Kiberiti chenye gesi, ndani ya makuti makavu, chini ya jua lile, na watoto chini yake.

Na nikanyamaza.

Hapo ndipo ninapojikasirikia, mwanangu, wala usidhani miaka imepunguza kitu. Nilinyamaza siku ya kwanza. Nilinyamaza siku ya pili kutwa nzima, nikipanda na kushuka ngazi ile, nikitia njiti zangu za uongo koponi. Nilijiambia pengine kimeanguka kwingine. Nilijiambia kitu kidogo namna ile kitafanya nini. Niliona haya kuitwa mwongo kuliko nilivyoogopa nyumba kuungua! Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu juu ya vichwa vya watoto wa watu.

Siku ya tatu tulimaliza. Bi Mwanasiti akatupikia wali wa nazi na mchuzi wa papa, tukazunguka sinia kibarazani. Ndani watoto wameanza kusoma, mmoja anaongoza kwa sauti nyembamba, wengine wanaitikia. Nikamwambia Fundi, mbele ya wote, "Fundi, mle paani kuna kiberiti changu."

Fundi Mwinyi alikuwa na tonge mkononi. "Cha njiti?"

"Cha gesi."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Akalirudisha tonge kwenye sinia. Sijawahi kumwona tena mtu wa pwani akirudisha tonge lililokwisha kukaribia mdomo. Akanawa mkono, akasimama, akasema, "Bi Mwanasiti, niwie radhi. Watoe watoto, paa lako tunaliezua."

Watoto wakatoka na misahafu yao, wakasimama juani chini ya ukuta wa jirani. Wenzangu walinitukana, na walikuwa na haki, maana migongo yao ilikuwa imechoka siku tatu. Bi Mwanasiti hakunitukana. Alinijia pale chini ya ngazi, akanitazama, akaniuliza polepole, "Mwanangu, ulikuwa ukiwasikia wakisoma?"

"Nilikuwa nikiwasikia."

"Na juzi pia?"

"Na juzi pia."

Akaitikia kwa kichwa, akenda kuwapa watoto maji. Nakuapia, mwanangu, nimepigwa fimbo na baba yangu, nimefukuzwa kazi mara moja, nimetukanwa na watu wa kila kabila, lakini maswali yale mawili ndiyo yaliyonipasua.

Tukaezua. Kuezua huanzia juu, kwa hiyo ilibidi kufungua safu zote tulizozifunga tangu kilipoanguka, kamba moja moja, kuti moja moja. Na kiberiti chenyewe, kwa uzuri wake, kilikuwa na rangi ya makuti! Mara mbili tulikipita bila kukiona. Mwisho mkono wangu ulikigusa, nikautoa haraka kama niliyeshika sufuria ya moto. Fundi akanifokea nisikitupe. Nikakifunga kwenye pembe ya kikoi, nikashuka nacho, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kisha akaninyoshea kidole paani. Nililiezeka upya upande ule mimi mwenyewe, siku mbili, na yeye amekaa chini ya ngazi kuniangalia.

Nilipofunga kuti la mwisho akaniita. Mkononi alikuwa na viberiti viwili, cha shaba kimekauka, na chake kile chekundu.

"Hiki changu," akasema, "kinawaka mara ya kwanza. Nikikiangusha nakiona. Gesi ikipungua naiona. Mtu akiniomba nampa, asiporudisha nanunua kingine na usingizi nalala. Wewe chako kina nini?"

Nilitaka kusema kina samaki.

"Moto usioweza kuuweka chini si wako kuubeba," akasema. Akanirudishia changu. Nilidhani atakitupa baharini, hakukitupa. "Chako ni chako. Kesho nitaliangalia kopo."

Kesho yake nilikitia koponi. Kililia ndani ya bati lile, wote wakageuka, na hakuna aliyecheka. Kikakwaruzwa kama nilivyohofia. Samaki akafutika mapezi, kisha mkia. Baadaye nikampa mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri njiani kule Waa, ambaye njiti zake zilikuwa zikizimwa na upepo kila alfajiri. Akakitumia mpaka kikafa. Nafikiri ndipo kiberiti kile kilipoanza kuwa kizuri.

Sasa nasaha yangu, na nitaisema wazi usije ukasema babu alizunguka. Hicho cha bastola kitupe leo, kabla hujakitoa mfukoni mbele ya askari wa hoteli asiyejua mzaha. Cha mwale wa buluu mpe mtu mwenye kazi nacho, wewe huchomelei chuma. Cha fuvu sina ugomvi nacho, ila hicho cheusi kikianguka kichakani hukioni tena. Nenda dukani, chagua kiberiti cha rangi inayopiga kelele, tumbo lionekane, gurudumu likubali kidole chako hata kikiwa na maji. Usikiache juani wala kwenye tuktuk. Usikichezee chini ya makuti, na hapa sisemi tena kwa upole. Usikichezee! Wala usivimbe kichwa kwa kitu cha kuwashia jiko.

Na ukitaka kujua kama umechagua vyema, kipimo ni kimoja. Simama mlangoni pa mwenye nyumba akuambie, "Kiache hapa." Kama moyo wako unatulia, hicho ndicho kiberiti chako. Kama moyo unaanza kutafuta hila, wallahi kiogope, maana kuna nyumba ya mtu kitaiunguza kwa sababu yako. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mimi nilipewa siku mbili na Mungu bila kustahili, na sijui kwa nini. Wewe huenda usipewe hata adhuhuri moja.

Nimemaliza, na hasira imepungua kidogo. Mwenyezi Mungu akukinge na moto wa hapa na moto wa huko, akupe paa lisilovuja na watoto watakaosoma chini yake kwa amani, na akupe ulimi wa kukiri mapema kuliko nilivyokiri mimi. Jioni njoo tena tunywe kahawa. Bi Mwanasiti amekwisha kutangulia, Fundi Mwinyi naye, Mungu awarehemu, lakini kopo lake alinirithisha mimi. Kuanzia leo utalikuta mlangoni pangu. Tia, kisha ndipo upige hodi.