Meli Aliyoniachia Kaka Proje

Sisi tuliokulia Ilemela miaka ile kompyuta ilipokuwa ikivishwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni, kuna hofu tuliyoijua ambayo watoto wa leo hawataijua. Ni hofu ya umeme kukatika wakati wewe bado uko angani. Mnaokumbuka mtanielewa. Na mimi tangu mdogo ni mtu wa wasiwasi, mama alikuwa akisema nimezaliwa nikiwa nimeshika tumbo. Kwa hiyo nikianza kuhema katikati ya habari ya gemu, nivumilieni.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mawe, mahali ambapo ukidondosha sufuria unaifuata hadi kwa jirani. Tulicheza rede na kombolela, tukateleza kwenye majabali mpaka sketi zikatoboka, tukatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikakwama kwenye meno. Ndege zilishuka uwanjani chini yetu na sisi tukazipungia mikono kana kwamba rubani ni mjomba. Jioni kila mtoto na ndoo yake. Na ukikutana na mtu mzima njiani, unatua ndoo, unamsogelea, unapiga goti kidogo: "Shikamoo." Kwa mama yangu, Mhaya wa Muleba, hapo hapakuwa na utani. "Usimpite mtu mzima kama unapita mgomba," alikuwa akituambia, "na usimsalimie kwa mbali kama unaita mbuzi." Watoto wa siku hizi wanakuinulia kidole gumba kutoka ng'ambo ya barabara, eti wamekusalimia.

Kompyuta yenyewe ililetwa na baba. Alifanya kazi kwenye mradi mmoja wa mambo ya samaki, na mradi ulipofungwa akapewa ile mashine chakavu, ina chogo kubwa na feni inayonguruma. Baba alisema ni ya kuandikia barua za kuomba kazi. Aliyegundua kwamba mwenye nayo wa kwanza aliacha gemu ndani yake ni kaka yangu Projestus, sisi tulimwita Proje. Alinizidi miaka mitano, na kwangu mimi hakuna alichokuwa hakijui.

Basi hebu sikilizeni gemu ilivyokuwa. Unawasha, unakuta giza limejaa nukta nyeupe, na wewe una kimeli kidogo cha kwenda angani. Kwisha habari. Hakuna anayekwambia nenda wapi. Hakuna hatua ya kwanza wala ya pili, hakuna jitu la kupigana nalo mwishoni, hakuna maandishi ya kukupongeza kwamba umeshinda. Unapakia chakula kwenye sayari hii, unakipeleka kwenye ile ambayo watu wake wana shida nacho, na njiani kuna wanyang'anyi. Kituo cha kutia nanga kilikuwa kinazunguka pole pole na mlango wake ni kijitundu tu. Wiki nzima tulikufa mlangoni pale. Siku Proje alipoingia salama tulipiga kelele mpaka mama akaja mbio na fimbo, akidhani tumeona nyoka.

Majina ya sayari yalitushinda kutamka, tukazibatiza upya. Sayari ya wakulima tuliiita Buhongwa, kwa sababu huko alikaa shangazi yetu aliyetuletea viazi. Kituo cha kutia nanga kikawa Kigongo, maana hapo nako unapanga foleni na kusubiri kivuko hadi unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Jamani, tuliipenda! Sisi watoto wa kuambiwa chota maji, osha vyombo, nenda kanisani, huku angani tulikuwa hatutumwi na mtu. Lakini iliudhi pia, msidanganyike. Unaweza kusafiri robo saa nzima huoni kitu, nukta tupu, macho yanafumba, na ukisinzia kidogo tu wezi watatu wako mgongoni. Halafu ilihifadhi safari pale tu unapotia nanga, na ilihifadhi moja, ya mwisho, ikifuta ya nyuma. Umeme ukikatika kabla, kazi ya mchana kutwa imekwenda. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya bega la Proje, kutazama mafuta na kupiga kelele yakipungua. Sikuwahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Kisha Proje akafaulu, akapelekwa seminari, Bukoba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi ya kuondoka, sanduku lake likiwa mlangoni, aliniketisha kwenye kile kiti chake mwenyewe. "Nakuachia meli," akaniambia. "Wewe beba mizigo tu, usipigane na mtu. Likizo ya Juni tunaendelea." Nikaitikia kwa kichwa.

Nilijitahidi. Wiki za kwanza nilikuwa kama mtu aliyebeba yai, Buhongwa na Kigongo, Kigongo na Buhongwa. Halafu siku moja mchana, natoka kituoni, nikaona meli kubwa ya askari imetulia mbele yangu. Proje akiwa usukani tulikuwa tunawakwepa. Lakini mimi peke yangu pale, mtoto wa mama yangu, nitampitaje mtu mzima hivihivi? Kulikuwa na kitufe cha kuongea na meli nyingine. Kidole kikawa juu ya kitufe, nikasita, kwa maana nilikuwa bado niko mbali. Nikasogea. Nikasogea tena, kwa heshima kabisa, mpaka nikamgonga ubavuni.

Mungu wangu. Skrini ikawa nyekundu. Askari wakatokea sijui wapi, wananimiminia risasi, na mimi napiga kelele, "Samahani! Samahani baba!" kana kwamba wanasikia. Nikakimbia. Nikaruka hadi nyota ya mbali, nikaona tundu la kutia nanga, nikaingia bila kufikiri, na gemu ikahifadhi. Ilikuwa ngome ya wanyang'anyi. Tangu hapo kila bandari niliyoisogelea ilinifukuza. Buhongwa walinifukuza, Kigongo ndiyo usiseme. Jina la kaka yangu, aliloliandika mwenyewe kwa herufi kubwa siku ya kwanza, lilikuwa limeandikwa mhalifu, na hakukuwa na safari ya zamani ya kurudia.

Sikulala vizuri, sikula vizuri. Mama alinipa dawa ya minyoo. Kila siku nikitoka shule, kabla ya zamu ya maji, nilikaa pale kujaribu kumsafisha kaka yangu jina, na kila siku nilifukuzwa. Barua yake ikafika: "Mdogo wangu, meli inaendeleaje?" Nikamjibu kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika kwamba inaendelea vizuri sana. Barua ilipokwisha kufungwa nikatamani kuichana bahasha, lakini baba alikuwa ameshaitia mfukoni. Barua iliyofuata haikuuliza habari ya meli. Nami nikashukuru! Nilikuwa mjinga kiasi hicho. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba Proje akijua, hatanikalisha tena nyuma ya bega lake.

Juni ikafika. Tulikwenda bandarini asubuhi kumpokea, meli ya Bukoba ilipofika. Akashuka na kopo la senene wa kukaanga kwapani, mrefu, sauti nzito kama ya baba. Nikamwamkia shikamoo bila kukusudia, kila mtu akacheka, na yeye akaitikia marahaba kwa mzaha. Siku ya kwanza nikasubiri aiulize meli. Siku ya pili nikasubiri. Alikula, akalala, akaenda kucheza mpira na vijana wa kule chini, akarudi, akala tena. Siku ya tatu sikuweza kuvumilia. Nikaondoa kitambaa mwenyewe, nikawasha, nikaacha ile nyekundu yote ionekane, nikaita kwa sauti ya kilio, "Kaka, njoo uone."

Akaja hadi mlangoni, viatu vya mpira mkononi. Akachungulia.

"Ah," akasema, na akatabasamu vizuri tu, hakuna ubaya wowote. "Kumbe bado unacheza hiyo?"

"Hapana," nikasema.

Akaondoka, nikasikia akiwapigia wenzake mluzi huko nje. Miezi mitatu nilijiandaa kwa hasira zake. Nilijiandaa hata kupigwa kofi. Nilizima mashine, nikaivisha kitambaa chake, nikaenda nyuma ya jabali na nikalia sana. Hakunikasirikia kamwe, na nyuma ya bega lake sikukaa tena.

Leo tunapigiana simu Jumapili. Tunaulizana habari za watoto, presha ya mama, mvua. Ni kaka mwema. Na gemu za leo, hebu acheni, ni kama sinema. Zinajihifadhi zenyewe kila dakika, ukikosea unarudi nyuma kama vile hukukosea. Wanangu wanacheza moja ya angani, nyota hazihesabiki, na wenyewe wamevaa vile vidude vya masikioni, wanabishana na watu wa nchi wasizozijua bila hata habari za asubuhi. Nikiwaambia sisi tulikuwa tunasubiri robo saa tukitazama nukta, wananitazama kama mgonjwa. Walivyo navyo ni vizuri kuliko vyetu, sibishi. Ila sisi tulikuwa wawili kwenye kiti kimoja.

Binti yangu Anita anakwenda bweni Januari, kidato cha kwanza. Mdogo wake Ivo ana miaka tisa. Juzi mchana nimepita sebuleni nikamkuta Anita amemkalisha Ivo mbele, anamwonyesha vitufe. "Nikiondoka hii ni yako," anamwambia, "ila usiharibu." Nikamwita pembeni.

"Anita, mwanangu. Ukirudi likizo, hata kama umeshaichoka, kaa naye siku ya kwanza. Dakika kumi tu."

"Sawa, mama," akasema, akijipenyeza kurudi kitini, macho yameshafika kwenye skrini kabla yake.

Nikabaki mlangoni. Ivo hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anamtazama dada yake.