Philémon Asiyeshtua Mzigo

Mara ya kwanza nilipofanya kazi na Philémon, alinitia hasara mbele ya watu. Nianze hapo, maana wengi wanaomsifu siku hizi hapa Kamina hawakulipa chochote ili wamjue. Mimi nililipa.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, vita bado ni habari za redio. Mama Éliane, mjane wa mkurugenzi mmoja wa pamba, alikuwa anauza gari la marehemu: gari refu jeusi la Kijerumani, viti vya ngozi, vioo vinavyoteremka vyenyewe, na gia zinazojibadilisha bila mguu wa kushoto kuguswa na kazi. Alitaka magunia arobaini ya samaki mkavu wa Bukama, apande nayo treni kwenda Lubumbashi akaanze maisha upya. Samaki nilikuwa nao. Mimi Nyembo nimeuza samaki tangu nilipokuwa na suruali moja. Lakini mtu wa samaki hakubali bei ya kwanza hata akiipenda.

Tena gari lilikuwa na jina baya. Lilisemwa lina ugonjwa. Likiondoka, linaondoka kama mzee anayenyanyuka kitini. Ukikanyaga mafuta, linafikiri kwanza. Mtaa mzima ulijua, na Mama Éliane alijua kwamba mtaa unajua, ndiyo maana alikuwa mpole. Nikamshusha hadi ishirini na mbili. Ili nimshushe tena, nikamchukua shahidi.

Shahidi huyo ndiye Philémon. Alikuwa ameendesha treni miaka ishirini. Injini zilipopungua, reli ilimwambia angoje nyumbani, na alikuwa bado anangoja, mwaka wa tatu sasa. Mtu mwembamba, mkimya, Mmethodisti wa kuketi benchi la mbele. Watu walisema anajua mashine kuliko anavyojua watoto wake. Nilimwahidi kitoweo cha wiki nzima, na njiani nikampa maelekezo.

"Papa Philémon, kazi yako iko moja tu. Utasikiliza moteri, kisha utatikisa kichwa."

"Nitasikiliza," akasema.

Alisikiliza kweli. Alizunguka gari, akainama, akanusa, akaketi kwenye usukani, akatuendesha mimi na Mama Éliane hadi kona ya misheni na kurudi. Gari likajikokota vilevile kama lilivyosemwa. Nikaanza kupanga maneno ya kufika magunia kumi na tano. Kisha Philémon akaona kitu karibu na fimbo ya gia: butoni ndogo yenye herufi mbili, E na S. Ilikuwa kwenye E. Akaipeleka kwenye S. Akakanyaga mafuta kwa mguu uleule, uzito uleule, na gari likaruka mbele hata kofia yangu ikadondoka nyuma ya kiti.

"Mama," akasema bila kugeuka, "motokari yako haina mugonjwa. Hapa kwa E inatoka na vitesi ya pili, ile gia ya pili, tena inabadilisha mbiombio, sababu mafuta isikwishe. Kwa S inatoka na ya kwanza, inashika kila vitesi mpaka moteri inalia, njo inaachia. Papa wa hapa alipenda kuchunga mafuta. Njo ile tu."

Mama Éliane akanigeukia polepole. "Papa Nyembo, weye ulijua?"

"Mama, minyi niko muntu wa samaki."

"Basi leta samaki. Arobaini."

Nililipa thelathini na nane. Yale mawili aliniachia kwa sababu alikuwa anacheka.

Njiani nilimfokea Philémon vya kutosha. Nilimwambia nimemwita anisaidie, siyo anivue nguo. Akasema: "Uliniita nisikilize mashine, patron. Minyi nilivuta bantu mia sita nyuma yangu. Ukisema breki iko muzuri na haiko muzuri, bale bantu njo wanalipa. Bei iko yenu. Mashine hapana."

Sikumpa kitoweo. Hakuuliza.

Gari nililinunua kwa ajili ya harusi. Mnajua desturi ya hapa: bibi harusi wa Kimethodisti haendi kanisani kwa kasi. Kwaya inatangulia kwa miguu, safu kwa safu, na gari linafuata kwa mwendo wa wimbo, hatua mbili ukisimama moja. Gari lolote la gia za mguu huchemka na kuzimika. Gari langu lingefuata kwaya mpaka Kabongo. Nilihesabu harusi zote za msimu zikiwa zangu.

Ya kwanza ilikuwa ya Mira, binti wa mwalimu Élisha. Niliendesha mwenyewe, suti na tai. Butoni niliiacha kwenye S, maana nguvu ile niliinunua kwa samaki wengi, sikuona kwa nini ilale. Lakini S haijui mguu mwepesi. Ukigusa mafuta kidogo, linasikia mengi. Katika safu ya mwisho ya kwaya alikuwa Seth, mpiga ngoma kubwa, mtu mnene. Kwaya iliposimama kuvuta pumzi, mimi nikasimama. Ilipoanza, nikagusa, na gari likamchota Seth pamoja na ngoma yake, akaketi juu ya boneti akitutazama kupitia kioo.

Wimbo ukakatika. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema kwa nguvu: "Patron, Seth anaenda mbinguni na kwaya, haiko na motokari!"

Kila mtu alicheka isipokuwa Mira, ambaye shela lake lilikuwa limemwangukia usoni. Wiki ile watu watatu walikuja kuniambia kwa adabu kwamba binti zao watatembea.

Basi nikaenda kwa Philémon na samaki mkononi. Alikuwa uani anapanda mihogo. Akaangalia samaki.

"Hii iko ya wiki ile?"

"Ya wiki ile na ya wiki hii. Na ya kila wiki, ukikamata usukani."

Alitoa masharti mawili, akiyasema kama mtu anayesoma maandishi. La kwanza, ufunguo na butoni ni vyake; hata mimi mwenyewe nisiguse. La pili: "Siku reli itaniita, nitaenda siku ileile. Sitangoja kesho." Nilikubali haraka. Kwa waliorudishwa nyumbani, reli ilikuwa imekufa, na ahadi inayongoja maiti afufuke haimgharimu mtu.

Sasa niseme nilichokiona, maana mimi si mtu wa kusifu bure. Kwenye harusi aliweka E. Gari likaondoka kwa gia ya pili, laini, bila kuruka, na mguu wake juu ya mafuta ukawa mzito kama jani. Akanieleza kwamba treni haiondolewi kwa nguvu. Kati ya wagoni na wagoni, behewa na behewa, kuna nafasi ndogo. Dereva mjinga anavuta yote mara moja, minyororo inakatika na mizigo inaanguka. Dereva mwenye akili anavuta wagoni la kwanza mpaka linyooke, ndipo la pili, ndipo la tatu, na abiria wa mwisho hajui kama safari imeanza. Ndivyo alivyoliondoa gari langu. Akina mama wa safu ya nyuma walifikia hata kutembea wameweka mkono juu ya boneti, kama mtu anayetembea na ng'ombe wake. Seth mwenyewe alirudi safu ya mwisho.

Mchangani pia ni E, alisema, kwa sababu gia ya kwanza inachimba na ya pili inakanyaga. S aliiweka barabara ngumu tu, tena kwa kulipita lori, kisha anairudisha mara moja. Vita vilipoanza na mafuta yakawa yanauzwa kwa chupa, magari mengine ya mji yalisimama juu ya mawe. Langu lilitembea. Na ndani ya kisanduku cha mbele, mahali watu wanapoweka karatasi za gari, Philémon aliweka kofia yake ya reli.

Mwaka tisini na tisa mji ulikuwa umejaa askari. Magari yalichukuliwa moja moja: kwa karatasi, mara nyingine bila karatasi. Asubuhi moja tukaambiwa komanda mmoja anapita mtaani kwetu na anataka gari la heshima. Nikamvuta Philémon kando.

"Papa, acha kwa E. Atakanyaga, itatoka kama mugonjwa, ataiacha. Weye nyamaza tu. Mdomo kufunga haiko uongo."

"Nitanyamaza," akasema. "Lakini akiniuliza, nitajibu."

"Itakuwa motokari yangu inakwenda, Papa!"

"Najua, patron."

Hakupenda. Niliona kwenye shingo yake kwamba hakupenda. Lakini hakubadilisha neno.

Komanda alifika na askari sita. Kijana, miwani nyeusi, buti safi. Akaketi kwenye usukani, akakanyaga mafuta kidogo kwa kujivuna, na gari likajiondokea polepole, kama bibi harusi yuko nyuma. Akasimama mbele ya lango langu.

"Hii motokari inalala?"

Nikasema upesi: "Komanda, imezeeka, mashine ya—"

"Sikukuuliza weye. Chauffeur! Iko na mugonjwa?"

Philémon alinitazama mara moja. Kisha akasema: "Haina mugonjwa, komanda. Uko na butoni pale. Weka kwa S, nguvu yote inakuja. Lakini hapa tuko kwa mchanga. Kwa S, usikanyage. Utachimba."

Nilikaa chini juu ya jiwe. Kwangu gari lilikuwa limekwenda.

Komanda aliweka S. Maneno mengine, yale ya mchanga, nadhani yalipita juu ya kofia yake. Mtaa wote ulikuwa unatazama, wasichana wakiwamo. Akakanyaga mpaka chini. Magurudumu ya nyuma yakalia, mchanga ukaruka hadi kwenye nguo za askari wake, na gari likazama palepale bila kusogea urefu wa mkono, mpaka tumbo likalala chini. Akakanyaga tena. Likazama tena.

Hakuna aliyecheka. Ila kule nyuma ya ua sauti ya mama mmoja ikasema, "Aliambiwa," na hapo hata askari mmoja akageuza uso.

Komanda alishuka akijipangusa. "Motokari ya bibi arusi," akasema, "haiko ya vita." Philémon hakungoja kuambiwa. Alitwaa jembe, akafukua mbele ya magurudumu, akatandika magunia yangu matupu, akaketi, akaweka E, na gari likapanda kutoka shimoni bila kelele. Komanda alitazama mwanzo hadi mwisho. Miwani alikuwa ameivua.

"Mzee, ulikuwa kazi gani?"

"Dereva wa treni, komanda."

"Nina treni kwa gare, pale stesheni, tangu juzi. Yule dereva wanayenipa anakata minyororo. Mara mbili sasa. Utaweza?"

Philémon alifungua kisanduku, akatoa kofia, akaivaa. Akaniwekea ufunguo mkononi.

"Patron, tulipatana."

"Baki," nikamwambia. "Kule wanapiga mabomu, Papa! Baki, nitakuongezea."

"Utaniongezea nini? Uko na wagoni?"

Akaondoka nao kwa miguu, siku ileile.

Basi, gari lilibaki kwangu, na halikunisaidia kitu. Madereva wawili niliowajaribu waliendesha kwa S hata mazishini. Nililiuza Lubumbashi mwishowe, chini ya nilivyonunua, ingawa butoni nilimwonyesha mnunuzi kabla hajaniuliza. Ilipandisha bei kidogo. Mshahara wa Philémon huja unapojisikia kuja. Bomu moja upande wa mashariki lilimchukua sikio la kushoto. Sasa anasikiliza mashine kwa la kulia, akiinamisha kichwa. Lakini ana injini, na akipita kituoni anatoa kiwiko dirishani kama mwenye nyumba.

Mimi nimepata hili: samaki mkavu ni kitu cha kuvunjika. Treni za wengine huniletea vikapu vya Bukama vimejaa unga. Vikapu nilivyopakia kwenye treni ya Philémon hufika samaki mzima, kichwa na mkia, na samaki mzima ana bei yake. Siku hizi treni yake ikichelewa siku mbili, naacha nyingine mbili zipite, nangoja.