Maziko ya Jumapili na Watu Niliokatazwa

Kama kuna maneno niliyoyakosea, au herufi zilizopandana hata hazisomeki, niwieni radhi. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu huenda polepole hata ninapojua ninachotaka kusema. Kusema kwa mdomo ndiko kunakonishinda zaidi.

Nina miaka ishirini na mbili, naishi na mama Kisauni, upande wa Magogoni. Nilipokuwa mdogo zaidi ya hivi niliingia katika kundi la vijana wa mapanga. Sikumkata mtu, lakini nilisimama mlangoni nikilinda wenzangu walipomkata mwenye duka mmoja, na mkono wake hadi leo haufungi ngumi. Nilifungwa. Baadaye mahakama ikaniruhusu nimalizie kifungo nyumbani, chini ya afisa wa probesheni. Faili langu limeandikwa juu kwamba mimi ni mtu wa hatari. Niliwekewa masharti: niripoti kila Jumanne, nisilale nje ya kwetu, na nisikutane na wenzangu watatu wa zamani, popote, kwa sababu yoyote. Nikivunja moja, narudi ndani.

Afisa wangu ni kijana wa bara, si mtu mbaya, ila ana haraka. Juu yake yuko mama mmoja wa makamo, ambaye kazi yake ni kuwasimamia maafisa wenye mafaili kama langu. Huja mara moja kwa mwezi, huketi pembeni na kusikiliza afisa anavyozungumza nasi. Nilimwogopa kuliko hakimu. Hakimu alisema, nikajua anachofikiri. Yeye alinyamaza.

Jumapili moja alfajiri, mwalimu wangu wa madrasa alifariki. Ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, na nilipokuwa gerezani alikuja kunitazama mara mbili, ingawa miguu yake ilikuwa imeshavimba. Kwetu maiti hacheleweshwi. Ilitangazwa msikitini kwamba atazikwa baada ya adhuhuri.

Nilijua wale watatu watakuja. Sote wanne tulisoma kwake, kwenye mkeka mmoja.

Nilishika simu, nikatafuta jina la afisa, nikakaa nikilitazama. Nilijiambia: akisema la, nitakuwa nimekatazwa kumzika mwalimu wangu. Nisipouliza, sijakatazwa. Nikaitia simu mfukoni.

Mama alinikuta nimesimama ukumbini na kanzu.

"Wamngoja nani?"

"Mama, na wale watakuwako."

"Basi kaa nyuma. Watu ni wengi, mwanangu. Omba dua yako urudi."

Nilikaa nyuma kweli. Lakini jeneza letu halibebwi na watu wanne waliochaguliwa. Linapita juu ya mabega, kila mtu ataka thawabu, huyu aingia hatua chache, yule atoka, na umati unasukumana kwenda mbele. Mzee mmoja akanishika mgongoni. "Ingia, shika! Si mwalimu wako huyu?" Nikaingia chini ya mti wa jeneza. Aliyekuwa mbele yangu akageuza shingo, na alikuwa mmoja wa wale watatu.

"Haa, bwana serikali," akasema kwa sauti ya chini, huku midomo ya watu wote ikitaja jina la Mungu. "Kumbe bega bado unalo."

Nikainamisha macho, nikapiga hatua. Yeye akaendelea:

"Ijumaa baada ya magharibi, pale petu. Kuna kazi. Usijifanye hujasikia. Kwenu twakujua, na mamako twamjua."

Mtu akanigusa bega apokee zamu, nikatoka. Sikumwambia mama.

Jumanne nilipofika ofisini, afisa alikuwa ameshaanza kuandika. Yule mama alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi.

"Jumapili ulikuwa wapi?" afisa akauliza.

"Mazikoni."

"Na kina nani? Usinidanganye, mtu wa mtaa ameshanipigia. Mlibeba jeneza pamoja." Akaweka kalamu chini. "Sasa wewe, ungengoja tu leo uniulize, ungepungukiwa na nini? Kwetu mtu akifa tunakaa wiki nzima tukipanga mazishi. Haraka ilikuwa ya nini? Hii faili narudisha kortini."

Niliona lango la gereza kama vile niko mbele yake.

Yule mama akamuuliza afisa, si mimi. "Marehemu alifariki saa ngapi?"

"Sijui, madam."

"Alizikwa saa ngapi?"

"Hiyo pia sijui."

"Basi muulize."

Akaniuliza. Nikamjibu: alifariki alfajiri, akazikwa adhuhuri.

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Afisa akaitazama karatasi yake. Yule mama akasema, "Sharti hili uliliandika wewe, nami nikalitia saini. Sote wawili hatukufikiria maziko ya hapa. Kosa hilo ni letu, na kama lingefika mahakamani ningelisema."

Nikashusha pumzi. Akanigeukia.

"Na wewe usifurahi. Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukupiga?"

"Niliogopa atasema la."

"Haya. Na chini ya jeneza walikwambia nini?"

Afisa akafungua mdomo anihimize, yule mama akamwinulia kidole, naye akaufumba. Nilimfikiria mama yangu, ambaye mchana hubaki peke yake. Nikisema, watajua nimesema. Nisiposema, Ijumaa itafika. Feni ilizunguka, hakuna aliyenisukuma, na mwisho nikayatoa, maneno mawili, matatu, hadi yakaisha.

Faili halikurudi mahakamani. Wawili wale waliandika sharti upya mbele yangu: kukiwa na msiba nipige simu kabla ya kutoka nyumbani, na nitembee pamoja na mzee wa mtaa. Kwa kutopiga simu, sasa naripoti mara mbili kwa wiki. Siku hiyo hiyo afisa mwenyewe alimpeleka mama yangu Likoni akakae kwa dada yake. Ijumaa nilishinda msikitini na mzee wa mtaa hadi baada ya isha.

Hawakuja kunitafuta. Tangu hapo mama amerudi, nami bado nasikiliza kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya mlango wetu. Nimebakiwa na miezi saba ya kifungo. Sijutii kusema, lakini wallahi sijalala vizuri.

Wewe unayesoma, kama umewahi kuishi chini ya masharti, au una mwana anayeishi hivyo, niandikie. Niambie ulifanyaje na waliokujua zamani walipokuita, na hofu ilikaa siku ngapi. Hata mistari miwili yanitosha.