Shangazi Anataka Nichome Askari wa Baba

Admin, jina langu lifiche, ila mji usiufiche. Niko Morogoro, na wanaohusika wakisoma wajijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani, nina fremu yangu ya duka Kihonda. Sijaolewa. Barua ya posa ilishaletwa na kujibiwa, tulikuwa tunangoja kupanga tarehe tu. Mchumba wangu alifiwa na mkewe, ana watoto wawili, ni mtu mpole. Sitamsema vibaya hapa.

Marehemu baba alikuwa askari, alipigana vita vya Kagera. Hakuwahi kutusimulia. Ukimuuliza anakwambia, "Tulienda, tukarudi," kisha anafungulia redio. Alipotoka jeshini alipata kazi ya ulinzi Mazimbu, enzi zile wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakiishi pale. Mwalimu mmoja wa Kizungu, siku anaondoka, akamwachia boksi la askari wa plastiki. Hawakuwa wameungwa. Ilikuwa vipande vitupu vilivyoshikana kwenye vijiti: mikono, vichwa, helmeti, bunduki nyembamba kama njiti za kiberiti. Unakata, unagundisha, unapaka rangi, unapata kikosi cha askari wa miguu wa vita vya zamani vya Wazungu. Boksi hilo lilikaa juu ya kabati utoto wangu wote na hatukuruhusiwa kuligusa.

Baba akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Hospitali wakasema avizoeshe vidole kazi ndogondogo. Nikampa maharage achambue. Akachambua siku mbili tatu, akayasukuma. "Mama, mimi umenigeuza mpishi?" Ndipo nikakumbuka boksi. Nililishusha nikiogopa atagomba. Aliliangalia muda mrefu, kifuniko kimepauka, picha haionekani vizuri, akasema, "Fungua."

Gundi ya ndani ilikuwa imekauka kama jiwe, nikanunua supaglu. Kila nikifunga kazi tulikaa barazani, mimi nakata, yeye anaunganisha. Mkono mmoja ulimchukua jioni nzima. Akikosea anacheka mwenyewe. Na hapo, jamani, baba akaanza kuongea. Alimshika askari aliyepiga goti akasema, "Huyu Kondo. Alikuwa anapiga goti hivi hivi, tunamwambia lala chini, anasema suruali itachafuka." Nikauliza Kondo yuko wapi. Akasema, "Tulimzika njiani." Akachukua mwingine, akampa jina. Nikamwambia, lakini baba, hawa ni Wazungu. Akanijibu, "Mtu risasi zikipita juu yake, analala hivi hivi tu, awe nani."

Miaka yote hiyo nilidhani baba yangu ni mkali. Kumbe alikuwa amebeba watu.

Alifariki mwaka jana, askari wote wamesimama kwenye kabati la vyombo. Kwenye arobaini shangazi, dada yake baba, akateremka kutoka Matombo. Akawaona. Akauliza ni nini, nami kwa ujinga wangu nikamweleza kila kitu, hadi majina. Uso ukambadilika. "Mnaita wafu ndani ya nyumba, halafu mnashangaa kaka yangu amekufa? Na wewe ndiyo maana umekaa hapa mpaka umri huu." Akawakusanya kwenye kanga, akaelekea uani kulipokuwa na moto wa kupikia, watu wote wanatazama.

Nilimfuata nikamshika mkono. Sijawahi kumgusa shangazi namna ile. Nikamwambia, "Shangazi, nakuheshimu. Ila hawa ni wa baba, na baba aliwaunga kwa mkono uliokuwa umekufa. Kwanza nichome mimi." Akaniachia kanga. Askari mmoja alivunjika bunduki. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na shikamoo yangu haiitikii.

Hakuishia hapo, alienda kwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Wiki iliyopita mchumba akaja dukani, akakaa kwenye benchi la wateja. Akasema, "Mama hataki nilete watoto kwenye nyumba yenye vitu vile. Vichome yaishe. Ni plastiki tu."

Nikamuuliza, "Kama ni plastiki tu, mnaogopa nini?"

Akainuka kwenye benchi. Kisha akasema, "Basi chagua." Akaondoka bila kunywa hata maji.

Nililia, sitawadanganya. Nampenda yule mwanaume, na watoto wake wameshazoea kuniita mama. Lakini kesho yake asubuhi nikawabeba askari wote nikawapanga kwenye kioo cha duka, wanaangalia barabara. Wanaosema nafuga mizimu waje waione mchana kweupe.

Juzi akaingia mama mmoja mtu mzima, kaleta gauni la kupunguza. Akauliza wale ni nini, nikamweleza. Akasimama mbele ya kioo, kisha akasema, "Mume wangu alienda vita ile ile. Hakurudi. Nyumbani kwetu jina lake halitajwi, wanasema nitajikumbusha machungu." Akaniuliza kama wote wana majina. Nikamwambia hapana, yule aliyebeba redio mgongoni baba hakuwahi kumtaja. Akasema, "Basi huyo ni Saidi." Akamtazama tena, akakaa kunisubiri nimalizie gauni lake, ananisimulia habari za Saidi wake kama mtu aliyetoka jana.

Najua habari hiyo ikimfikia shangazi itakuwa balaa jingine. Na imfikie.

Ndugu zangu, naomba busara zenu kwa jambo moja. Nimrudishie mchumba barua yake mimi mwenyewe, au nikae kimya nimpe nafasi ya kufikiri, aje kwa miguu yake? Hilo ndilo linaloninyima raha. Kuhusu kuchoma, sijauliza.