Mashati ya Jora Moja

Askari magereza hawakuturuhusu kuingia na futi ya kupimia. Waliogopa kamba ya aina yoyote, hata ile laini yenye namba, kwa hiyo ilinibidi nijifunze kupima watu kwa macho. Nilisubiri waimbe. Mfungwa akikaa chini, mabega yameporomoka, huwezi kujua lolote kuhusu upana wake. Lakini akiinua mikono kuimba pambio, kila kitu kinaonekana. Mimi mdomo unaimba, kichwani naandika: kifua arobaini, mkono mrefu, shingo nyembamba. Mungu anisamehe, kuna Jumamosi ibada iliisha sijasikia hata mstari mmoja wa mahubiri.

Tulikuwa akina mama sita wa kanisa letu la Buzebazeba. Wenzangu walibeba sabuni na dawa za upele. Mimi, mjane na fundi cherehani, nilipewa kazi ya nguo za kutokea. Mtu akimaliza kifungo hurudishiwa zile alizoingia nazo, na mara nyingi panya wa stoo wamezila. Miaka ile gereza lilijaa vijana wa Kirundi na Kikongo waliokamatwa nje ya kambi za wakimbizi bila kibali, wamechanganywa na wezi wetu wenyewe, na wengi hawakuwa na ndugu wa kuwaletea hata kandambili. Mfanyabiashara mmoja muumini mwenzetu akatoa jora zima la kitambaa, drafti kubwa za zambarau na njano, kizito, kisichochuja. Ningejiuliza kwa nini kilikuwa hakijanunuliwa dukani kwake, lakini niliona neema tu. Nikakata shati baada ya shati, na kila aliyetoka alitoka na lake.

Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi nilitenda na kubaki nimesimama getini kuangalia wema wangu unavyopendeza. Walivaa mbele yangu, wakashukuru kwa mikono miwili, wakaondoka, na kwenye kona ya barabara waligeuka kunipungia. Nilirudi nyumbani nimeshiba bila kula.

Mmoja wao alikuwa Mrundi wa miaka kama thelathini, aliyekimbilia huku akiwa mtoto na kukulia mwaloni Ujiji akipakua dagaa kwenye mitumbwi. Alifungwa miaka mitatu kwa kuiba karabai mbili na wavu. Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza: "Niliiba, mama. Sikusingiziwa." Nilimpenda kwa hilo, maana gerezani kila mtu amesingiziwa.

Mke wake alikuwa Muha wa Kidahwe. Mume alipokamatwa, alimbeba binti yao aliyekuwa bado ananyonya, akarudi kwa baba yake, akamwambia mzee kwamba mkwe wake amevuka kwenda kuvua upande wa Kongo. Mzee yule alikuwa amemkubali mkwe mkimbizi kwa shida. Mkwe mwizi alisema wazi hatamkubali. Kila mwezi yule mke alikuja mjini kuuza mawese, akapita barazani kwangu kuulizia habari za mumewe. Nilimpa habari, na siri yake nikaitunza. Sikudanganya mtu, nilijiambia. Nilinyamaza tu.

Siku za yule mume kutoka zilipokaribia nilianza kukosa usingizi. Karatasi yake ya kuachiliwa ilimtaka aripoti kambini ndani ya siku saba. Akiripoti peke yake angeandikwa peke yake, na wakati huo malori ya kurudisha watu Burundi yalikuwa yanaondoka yamejaa. Mzee akimpokea, angeweza kumwombea kijijini abaki, au mke na mtoto wangeandikwa pamoja naye. Akimkataa, basi tena. Kwa hiyo ilikuwa lazima afike Kidahwe na sura ya mvuvi aliyerudi nyumbani.

Alitoka Alhamisi asubuhi. Nikampa shati lake. Alilishika kwanza mkononi kwa muda kabla ya kulivaa, nami nikadhani ni furaha. Alinipungia kwenye kona, akashika njia ya Mwandiga kutafuta lori. Mimi nikateremka Ujiji kununua mboga.

Nilikuwa nimeinamia migebuka ya mama mmoja sokoni nilipoona zambarau na njano zikija. Alikuwa mmoja wa watu wangu, mtu mzima, aliyetoka wakati wa masika. Nilitaka kumwita. Yule mama muuza samaki akavuta beseni lake katikati ya miguu, akalifunika kwa kanga.

"Zimekwisha," akamwambia.

Yule mtu akanitazama, akajifanya hanijui, akaenda zake.

"Mbona samaki unao?" nilimuuliza.

"We mama, huoni shati? Lile la jela. Wakitoka wanapewa wote. Zamani tulikuwa hatuwajui, tunacheka nao hapa kumbe mijizi. Siku hizi unamwona tangu kule msikitini. Aliyebuni kitu kile Mungu amzidishie."

"Amzidishie kabisa," akaitikia mwenzake wa meza ya pili.

Masikio yaliniwaka moto. Nilisimama na samaki mkononi, nikijua kwamba nimewapiga chapa watu wale, mmoja mmoja, kwa sindano yangu mwenyewe, na hata shikizo moja halikulegea. Kisha nikamkumbuka yule aliyekuwa njiani. Watu wa Kidahwe walishinda sokoni Ujiji kila wiki. Huenda mzee mwenyewe alikuwa analijua shati lile kuliko mimi niliyelishona.

Sikumbuki kama nilirudisha yule samaki. Nyumbani nilifungua sanduku, nikatoa shati jeupe la marehemu mume wangu, ambalo miaka yote nilikataa kumpa mtu, nikalitia kwenye mfuko wangu wa sokoni. Nikapata pikapu iliyokuwa inapeleka chumvi Kasulu, nikakaa juu ya magunia. Njia nzima nilihesabu mashati. Nilifika kumi na tisa nikaacha. Nikamwomba Mungu lori alilopanda yule kijana lipasuke tairi, halafu nikakumbuka kuna na wengine humo ndani, nikaomba pancha ndogo. Kwenye kizuizi askari aliniuliza kama mimi ni mkimbizi. Nilimjibu vibaya, na dereva akanikanya, akasema nitamponza. Kila tulipopishana na mtu wa miguu nilinyanyuka juu ya magunia nimwone nguo.

Nilimwona kabla ya kufika kwenye nyumba ya mzee. Pale barabara inapovuka kijito, chini ya michikichi, mtu alikuwa amekaa kifua wazi, na mapajani ana kitu kimekunjwa, ndani kimegeuzwa nje. Niligonga bodi ya gari kwa nguvu hata dereva akadhani nimeanguka.

"Umeshafika kwa mzee?" nilimuuliza hata kabla ya salamu.

"Bado, mama. Niko hapa tangu saa tano."

Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Nilimtazama, nikalitazama shati.

"Ulijua?"

Alikuwa anang'oa majani. "Tunajua wote, mama. Waliorudishwa ndani ndio walituambia, tangu mwaka jana."

"Na hamkuniambia!"

"Ulikuwa unafurahi sana." Alisema hivyo kama mtu anayeomba radhi. "Tukakubaliana. Mtu anavaa mpaka kwenye kona, anakupungia, halafu mwenye lingine anabadilisha. Mimi sikuwa na lingine."

Nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Nilikuwa nimekwenda kuwahurumia wafungwa, kumbe wafungwa walikuwa wamekaa kikao kunihurumia mimi. Yule kijana akaanza kunibembeleza, "Yoo, mama, yoo," jambo lililonizidishia hasira, nikamtupia shati jeupe, nikamwambia avae tuondoke. Lilimpwaya mabegani. Lile la drafti nililisokomeza kwenye mfuko wangu.

Njiani tulipanga maneno. Mimi ni mama wa kanisa kutoka mjini, tumekutana njiani, nimekuja kusalimia. Yote yalikuwa kweli, ukiyasema upesi.

Mzee alitupokea uani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, viganja vimeiva rangi ya mawese. Tulipewa vigoda. Mkwe alikaa mbali kidogo, macho chini, kama adabu ya ukweni inavyotaka, na safari hii adabu ilitufaa. Binti yake alileta maji ya kunawa. Alimimina huku anamtazama mumewe, maji yakanimwagikia miguuni, tukajifanya sote hatukuona.

"Samaki wa upande ule wakoje?" mzee akauliza.

"Wapo, databukwe. Si kama zamani." Ndivyo Warundi wanavyomwita baba mkwe, na alilitamka kwa sauti ndogo sana.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alitaka kuamini, niliona kabisa kwamba anataka, na hilo lilinitia hofu kuliko maswali yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe mama, huyu mlifahamiana wapi?"

Hilo hatukulipanga. Nilikuwa nalo jibu, uongo mzuri, umeshapigwa pasi: nilikuwa nanunua dagaa kwake mwaloni. Nikafungua mdomo.

"Alikuwa anakuja kuniona gerezani," akasema yule kijana. "Databukwe, mimi sikwenda Kongo. Niliiba karabai na wavu wa watu. Nimetoka leo."

Nilitamani kumpiga kofi. Miaka mitatu ya mkewe kuificha siri, mbio zangu zote juu ya magunia ya chumvi, halafu yeye anaitoa hadharani kama anayetema kokwa. Baadaye aliniambia kwamba aliniona ninafungua mdomo, akajua nitadanganya, na hakutaka nidanganye kwa ajili yake. Wakati ule sikulijua hilo. Nilimwona mpumbavu tu, nikaogopa hata kumtazama mkewe.

Mzee hakupandisha sauti. Alimwuliza binti yake, "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Na mama yako?"

Jikoni mwiko uliacha kukoroga.

"Na wewe, mama wa kanisa."

"Nilijua, mzee."

"Kwa hiyo hapa nyumbani mjinga nilikuwa mimi peke yangu." Akainuka. "Miaka mitatu nawaambia watu mkwe wangu anavua Kongo. Natembea kijijini nasema. Labda na wao walijua. Basi aende kambini kwao. Mtoto anabaki."

Binti akapiga magoti. Mume wake hakusogea pale kwenye kigoda. Mimi nilitafuta andiko la kusema, na katika maandiko yote niliyowahi kuwasomea wafungwa halikuja hata moja. Nilichokuwa nacho ni ile aibu ya asubuhi, bado mbichi. Nikatoa shati kwenye mfuko, nikalikunjua mbele ya mzee.

"Unalijua hili?"

Akalitazama. "Ni la jela. Nani asiyelijua?"

"Mimi, mzee. Mimi sikulijua. Na fundi wake ni mimi."

Akalichukua, akapindua kola, akavuta mshono kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta ushahidi. Nikamweleza yote. Nikamweleza jora, na kupima kwa macho watu wakiimba, na yule muuza samaki aliyeniombea kwa Mungu anizidishie. Nikamweleza kwamba wafungwa walikuwa wanajua mwaka mzima, na wamekubaliana wasiniambie.

"Umeshona mangapi?"

"Kumi na tisa. Labda na zaidi."

"Na kila mmoja alikupungia?"

"Kila mmoja, mzee. Kwenye kona. Na mimi nilikuwa nawapungia, kwa mikono miwili."

Kitu kikamtoka kifuani, nikadhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka. Alicheka bila kutaka, akaziba uso kwa shati lile, akarudi kukaa kwenye kigoda chake. Alipoliondoa usoni macho yalikuwa mekundu, na sikuweza kujua ni kicheko kilichofanya hivyo au ni kitu kingine.

"Mana yanje," akasema, akimwita Mungu wake kwa Kiha. "Basi tuko wawili."

Mzee akalikunja shati taratibu, akaliweka juu ya goti. Bila kumtazama mkwe wake akasema mambo ya kambi yatazungumzwa kesho, na mtu akiwa na njaa hazungumzi. Halafu akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Mleteni mtoto asalimie wageni."

Binti mdogo akatoka, wa miaka kama minne, ana majivu kwenye magoti. Alikuja kwanza kwangu, akakunja goti, akaweka mkono kichwani, akaniamkia, nikamwitikia. Kisha akamwendea baba yake, akakunja goti vilevile, kama kwa mpita njia yeyote.

"Shikamoo."

Yule kijana akafungua mdomo, sauti isitoke. Akajaribu tena. Mtoto alibaki ameinama, kwa maana alikuwa amefundishwa asiinuke kabla ya kuitikiwa, akamtazama mama yake, akamtazama babu.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia kwa niaba yake.