Nilimshuku baba mkwe kuyeyusha askari wangu wa Napoleon

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya, leo naanika aibu yangu mwenyewe. Nikiongeza chumvi, mke wangu yumo humu, atanikosoa.

Niko Kalemie. Marehemu baba, fundi wa reli, aliniachia kopo la biskuti lenye askari wanane wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole. Ni voltigeurs, askari wepesi wa miguu wa Napoleon: koti la buluu, kola ya njano, kofia ndefu yenye unyoya.

Wa nane anapuliza baragumu. Huyo, baba alimpaka rangi upya kwa mkono wake. Nilimpenda kuliko wote.

Juzi kati baba mkwe akaja kutoka Zongwe. Ni mvuvi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala kwangu, na alikuja na wavu wa kurekebisha.

Mnaojua nyavu mnajua: wavu hauzami bila risasi, na wavuvi wetu huyeyusha chochote, hata betri kuukuu za gari.

Siku ya kwanza tu mzee akaokota askari mmoja, akampima kiganjani.

"Mukwe, hii njo risasi ya muzuri. Iko nzito!"



Nikaanza kuwaficha. Watatu ndani ya viatu, mmoja nyuma ya picha ya Bikira Maria, mwingine nimemfunga karatasi na kumfukia kwenye majivu ya zamani ya pasi ya makaa. Kesho yake nikawahamisha. Keshokutwa tena. Nilikuwa kama paka aliyezaa.

Ijumaa umeme ukakatika. Jumamosi nikahesabu askari: saba. Mpiga baragumu hayupo!

Natoka uani, mzee amekaa mkekani anafunga vipande vya risasi kwenye wavu. Vipya, vinang'aa.

Wakuu, kwetu vitu vya mkwe haviguswi. Mimi nilisubiri aende kuoga, nikafungua mfuko wake. Suruali, rozari, samaki wakavu. Kugeuka, mzee huyu hapa na taulo lake.

"Unatafuta nini mu mufuko yangu, mukwe?"

Hapo ndipo nilipopaswa kuomba radhi. Nikasema: "Papa, askari yangu uliyeyusha?"

Akaufunga mfuko wake, akatoka uani. Jioni mke wangu akaandaa bukari, ugali wetu, na samaki. Mzee akasema hana njaa. Mkwe akikataa chakula chako, amekukataa wewe, na mke wangu alilijua hilo vizuri. Alilala amenipa mgongo. Nami bado nilikuwa na hakika mwizi ni mzee.

Jumapili asubuhi umeme bado. Mke akachukua pasi ya makaa kwa ajili ya nguo za misa, akamwaga majivu ya Ijumaa. Likadondoka donge bapa kama kitumbua.

"Papa Neema, hii ni kitu gani?" akaniuliza.

Mzee akaliokota, akalipima kiganjani.

"Hii njo risasi. Nani anawekaka risasi mu pasi?"

Kumbe ni mpiga baragumu wangu. Katika kuhamisha-hamisha, huyo nilidhani nimeshamtoa. Ijumaa mke alijaza makaa juu yake, akanyoosha mashati yangu.

Nilipiga magoti na kuku mkononi. Mzee akampokea. Mchana akala. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akimega bukari.

Siku ya kuondoka mimi mwenyewe nikampa lile donge, nikamweleza kwamba baba ndiye aliyempaka rangi yule askari. Akalitoboa, akalifunga kwenye wavu bila haraka.

"Papa yako sasa atavua na miye," akasema.

Wakuu, nililia kweli.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukishamshuku mtu, kila anachoshika unakiona chako. Je, kuna aliyewahi kukataliwa chakula na mkwe? Ulimrudishaje? Semeni, hata mkinicheka sawa.

NB: Mke wangu ameshasoma. Anasema nimesahau kuandika kwamba kuku alikuwa wa kwake.