Nafasi Aliyoichukua Zaituni

Harufu ya mashudu ya alizeti haijawahi kunitoka puani. Ghala tulilochezea lilikuwa la mkamuaji mmoja wa mafuta, jirani na reli, na hata baada ya mwenyewe kuhamisha mashine zake, sakafu iliendelea kunuka mashudu, na ukianguka unanyanyuka na viganja vinavyoteleza. Mwalimu Yohana, aliyetufundisha sayansi darasa la sita, aliliomba ghala lile kwa sababu ya upepo. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa upepo wa Julai na Agosti. Ukipiga kinyoya cha badminton nje msimu huo, utakwenda kukiokota uwanjani kwa jirani, na wakati mwingine jirani mwenyewe hatakuwa na habari kiko wapi. Basi tulifunga milango yote miwili, tukabaki ndani na joto la mabati na vumbi lililoelea kwenye mwanga wa matundu ya misumari. Tulikuwa wasichana wanane. Mimi ndiye niliyekuwa mrefu kuliko wote, na mimi ndiye wa kwanza kushika raketi. Zaituni alipofika kutoka Kondoa kuja kuishi na mama yake mdogo, mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuishika. Naomba hilo likumbukwe.

Alikuwa mfupi, mpole, na mwenye tabia ya kuangalia kitu muda mrefu kabla ya kukigusa. Mama yake mdogo aliuza chai na chapati karibu na stendi, na hapo ndipo Zaituni alipoanza kupendwa kuliko mimi. Hewa yetu ni kavu, na manyoya yakikauka hukatika kwa mapigo machache tu. Mwalimu alituambia kwamba wachezaji wazoefu huvipitisha vinyoya kwenye mvuke ili vilainike, lakini hakuna aliyejishughulisha. Zaituni alivichukua. Kila baada ya shule alikaa kando ya birika la mama yake mdogo, akashika kinyoya kimoja kimoja juu ya mdomo wa birika, akakigeuza, akakiweka kwenye mkebe na kushika kingine. Wateja walimsubiri amalize ndipo wamiminiwe chai. Vinyoya vyetu vikaanza kudumu wiki nzima, na Mwalimu akamsifu mbele ya wote. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, huku moyoni nikijiuliza tangu lini kuchemsha maji kukawa kipaji.

Mwalimu alitupanga mimi na Zaituni tucheze pamoja, wawili kwa wawili. Katika mchezo huo tatizo kubwa ni kinyoya kinachokuja katikati, maana kila mmoja anaweza kudhani ni cha mwenzake, au wote wawili wakakivamia na raketi zikagongana. Dawa yake ni kuita. Anayekitaka anasema "Changu," na mwenzake anampisha. Kwa miezi miwili tuligawana vizuri. Nisiwe mnafiki, ilikuwa miezi mizuri. Nilijua bila kutazama kwamba yuko nyuma yangu, na kuna siku tulicheza jioni nzima bila kuita hata mara moja.

Kisha nikasikia kitu ambacho hakikuwa changu kusikia. Nilikuwa nimepeleka madaftari ofisini, nikasimama mlangoni, na Mwalimu Yohana alikuwa anaongea kwenye simu. Alisema mama mmoja, kocha kutoka Dar es Salaam, atakuja Jumamosi kutafuta msichana wa kulea kwenye kambi yake. Atasomeshwa huko huko, na akifaa, siku moja atavaa jezi ya taifa. "Ndiyo mama, nimeelewa," alisema. "Unachukua mmoja tu." Niliyaacha madaftari mezani nikaondoka. Njiani nilikutana na Zaituni, akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia si kitu. Tulikuwa tunashirikiana hata kipande cha muwa, lakini hilo nililificha. Nilitaka kuondoka Dodoma kuliko nilivyowahi kutaka chochote.

Jumamosi hiyo walikuja wasichana wawili wa Bahi kucheza nasi, na yule mama akakaa juu ya gunia karibu na mlango, daftari mapajani. Kinyoya cha kwanza kilichokuja katikati nilikipiga mimi. Cha pili pia. Kufikia seti ya pili nilikuwa nafuata hata vilivyoelekea miguuni pa Zaituni, nikisema "Changu" kabla hajanyanyua mkono. Hakulalamika. Nikikimbilia kushoto, yeye alihamia kulia. Nikienda mbele, alirudi nyuma, akaokoa kile nilichokiacha wazi na kukirudisha juu, ili wale wa Bahi wakikosea nije nikimalize mimi. Nilipiga mapigo ambayo sijawahi kuyapiga tena maishani. Tulishinda, na ghala zima likaita jina langu.

Yule mama alifunga daftari. "Huyu mfupi anaitwa nani?"

"Zaituni," Mwalimu alijibu. "Lakini pointi karibu zote kafunga Neema."

"Nimeona, mwalimu. Msichana niliye naye kambini anakimbilia kila kinyoya, kama huyo mrefu. Nikiwaweka pamoja watagongana vichwa. Mimi natafuta wa kuziba pengo."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, jasho likinitiririka, raketi mkononi. Siku Zaituni aliposafiri nilimwambia mama yangu tumbo linaniuma, nikajilaza hadi nilipojua basi limeshaondoka.

Sasa Dodoma ni jiji. Ghala lilibomolewa, ziko kumbi zenye sakafu safi, na watumishi wenzangu hucheza badminton wakitoka kazini. Mimi ni mtunza kumbukumbu wa masjala katika ofisi ya serikali. Nina mume mwema na watoto wawili, na sina cha kulalamikia. Lakini kwa miaka yote hiyo nilimfuatilia Zaituni kwenye simu yangu, akicheza Kairo, akicheza Kampala, akicheza India, yeye na yule msichana wa kambini, bendera ikiwa kifuani. Nilionea wivu viatu vyake. Nilionea wivu hata mechi alizofungwa, maana alifungwa mbali. Faraja yangu ilikuwa moja tu, kwamba hakujua. Angejua nafasi ni moja, naye angegombania, na hapo ndipo tungeona nani ni nani.

Mwaka huu amestaafu, na mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Nilimpikia ugali wa uwele na mlenda. Katikati ya chakula nikaona bora niutue mzigo ule.

"Zaituni, siku ile ya yule mama, nilijua anachukua mmoja. Nilikuficha."

Aliendelea kumega ugali. "Nilijua. Mwalimu aliniambia asubuhi ile ile."

"Sasa mbona ulikuwa unaniachia?"

"Nilitaka wakuchukue wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unataka kuondoka. Mimi hata kupanda basi la Dar nilikuwa naogopa." Alichovya tonge. "Waliponitaja mimi nililia wiki nzima, Neema. Na stendi hukuja."

Niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya kabati. Utotoni nilimwonea wivu kwa nafasi, na ukubwani kwa safari, na mambo yote hayo yameshapita, kwake na kwangu. Lakini msichana yule wa miaka kumi na miwili alisimama nyuma yangu mchana kutwa akinitengenezea njia, na mimi kwa umri huu bado sijamtengenezea mtu yeyote njia namna ile. Kwa hilo namwonea wivu kuliko viatu vyote. Aliponiita nirudi tule kabla chakula hakijapoa, nilimjibu kwamba natafuta chumvi.